Taifa Lililosoma Likizoni

Kila Juni, shule za Ayalandi zikishafungwa, mabasi hupakia vijana wa Dublin, Cork na Limerick na kuwapeleka magharibi, kwenye vijiji vya kando ya bahari ambako Kiayalandi bado ni lugha ya jikoni. Watakaa huko wiki tatu hivi. Kabla hawajafungua mizigo husomewa sheria, na iliyo kubwa ni moja: Kiingereza marufuku. Si darasani tu. Ni marufuku mezani, uwanjani, na kitandani usiku taa zikishazimwa. Anayenaswa huonywa. Akirudia na kurudia, mzazi hupigiwa simu aje amchukue mwanawe.

Msomaji aliyepitia shule za Kenya huenda akairudia aya hiyo. Ulinzi wa namna hii anaujua, ila yeye aliukuta umeelekezwa upande wa pili. Aliyeponyokwa na neno la kwao alivishwa diski, akatembea nayo mpaka amnase mwenzake amkabidhi, na jioni fimbo ikafuata majina. Ngũgĩ wa Thiong'o aliueleza utaratibu huo katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986. Waayalandi nao walikuwa na diski yao. Katika karne ya 19 mtoto alifungwa kijiti shingoni. Kila alipotamka neno la Kiayalandi kijiti kilitiwa alama kwa kisu, na mwisho wa siku mwalimu alihesabu alama, akachapa kwa idadi hiyo. Kinachouma katika simulizi hizo ni kwamba mara nyingi wazazi wenyewe walikuwa upande wa mwalimu. Walijua mtoto atapanda meli, na huko iendako meli hakuna atakayemwajiri kwa Kiayalandi.

Sasa taifa lilelile linawalipisha wazazi ada ili watoto wao wakalindwe wasiseme Kiingereza. Ukitaka kujua kozi fupi ya utamaduni wa Ayalandi ni kitu gani, na kama inafaa mtu wa mbali kuisafiria, anza na kioja hicho.

Lugha haikufa kwa kijiti peke yake. Mwaka 1845 ukungu uliingia kwenye viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini asubuhi, mchana na jioni. Kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wamehama. Pigo lilikuwa zito zaidi magharibi, kwa wakulima wa vishamba vidogo, na hao ndio waliokuwa wasemaji wa Kiayalandi. Waliobaki hai waliona dalili zote zinaelekea upande mmoja. Mahakama, duka, tiketi ya meli, na shule za serikali zilizoanza mwaka 1831, vyote vilisema Kiingereza.

Mwaka 1893 wasomi wachache walikutana Dublin wakaanzisha Conradh na Gaeilge, chama cha kuifufua lugha, na Douglas Hyde akawa rais wake wa kwanza. Hyde alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Kiayalandi alikiokota kwa wafanyakazi na majirani huko Roscommon. Wanachama wengi walikuwa watu wa mijini: makarani, walimu, wauza maduka. Waliipenda lugha wasiyoijua. Kazini hawakuwa na nafasi, na mjini hapakuwa na wa kuzungumza naye. Nafasi waliyokuwa nayo ilikuwa likizo ya Julai na Agosti. Mwaka 1904 kikafunguliwa chuo cha kwanza cha kiangazi, katika kijiji cha Béal Átha an Ghaorthaidh, jimbo la Cork, kwa lengo la kuwapika walimu watakaokwenda kuifundisha lugha mashuleni. Vingine vikafuata kimoja baada ya kingine katika pwani yote ya magharibi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoidharau kozi fupi kwa kusema ni utamaduni uliopikwa kwa ajili ya wageni. Kwingineko huenda ni kweli. Ayalandi, kozi ya kiangazi ni miongoni mwa vyombo vilivyoujenga utamaduni wenyewe unaotangazwa leo. Patrick Pearse, aliyesoma tangazo la jamhuri barabarani Dublin mwaka 1916, alizaliwa jijini humo na baba aliyetoka Uingereza. Alijijengea kibanda Ros Muc, Galway, awe anakwenda huko wakati wa mapumziko. Éamon de Valera, aliyekuja kuwa waziri mkuu na kisha rais, alizaliwa New York. Kiayalandi alijifunza akiwa mtu mzima, na mwaka 1910 akamwoa mwalimu wake, Sinéad Flanagan. Hyde yule wa Roscommon ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa nchi, mwaka 1938. Kwa hiyo mgeni anayefika leo na daftari jipya, ulimi mzito, anakaa kwenye kiti walichokalia waasisi wa taifa.

Mmoja wa wanafunzi hao wa likizo anatuhusu kwa karibu zaidi. Roger Casement alizaliwa pembeni mwa Dublin mwaka 1864, akaitumikia Uingereza kama konseli, na mwaka 1903 akapanda Mto Kongo kuchunguza habari za ukatili katika milki ya Mfalme Leopold II. Ripoti yake ya mwaka 1904, yenye ushahidi wa vijiji vilivyochomwa na watu waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira, ilisaidia kuuangusha utawala ule. Baadaye aliandika katika barua kwamba kule kwenye misitu ya Kongo, alikomkuta Leopold, ndiko alikojikuta yeye mwenyewe kuwa Mwayalandi. Aliporudi alikichangia fedha chuo cha kiangazi cha Coláiste Uladh, kilichofunguliwa mwaka 1906 huko Gort an Choirce, Donegal, na akaenda kuketi humo na wanafunzi wengine. Waingereza walimnyonga London mwezi Agosti 1916 kwa kosa la uhaini. Mifupa yake ilirudishwa Dublin mwaka 1965. Mwalimu anayetaka kuufungulia darasa la wanafunzi wa Kiafrika mlango wa historia ya Ayalandi hana haja ya kwenda mbali zaidi ya maisha ya mtu huyu mmoja.

Turudi vijijini, kwa sababu darasa lenyewe si kiini cha mambo. Kiini ni nyumba. Wanafunzi wengi hawalali bwenini. Hulala kwa wenyeji, wanane hapa, kumi pale, kwenye vitanda vya ghorofa, chini ya mama mwenye nyumba anayeitwa bean an tí. Serikali humlipa ruzuku kwa kila mwanafunzi kwa kila siku. Yeye ndiye apikaye, ndiye ahesabuye vichwa usiku, na ndiye hakimu wa kwanza wa kesi za Kiingereza. Mwalimu unaweza kumkwepa mpaka kesho asubuhi, lakini mwenye sufuria humkwepi. Mtoto aliyechoshwa na vitenzi kwa miaka minane ya shule ya msingi anagundua kwamba asipojua kuomba mkate kwa Kiayalandi, mkate uko mezani na yeye anautazama tu.

Asubuhi ni masomo, mchana ni michezo na kuogelea katika bahari ambayo mtu wa Tanga asingeitumbukiza hata kidole. Wenyeji huyaita haya majira ya joto, lakini nyuzi 20 huko ni siku ya kuvua shati na kusimulia mwaka mzima. Koti la mvua ndilo sare. Jioni ni céilí, ngoma ya makundi, wavulana mstari huu, wasichana mstari ule, wakivukana na kubadilishana wenza kadiri muziki unavyokwenda. Mwisho wa Juni jua halitui mpaka saa nne usiku, kwa hiyo wanatoka ukumbini kungali na mwanga. Watu wazima wa Ayalandi ukiwauliza wanakumbuka nini kutoka kozi hizo, sarufi hawaitaji. Wanamtaja mtu waliyemshika mkono kwenye céilí. Lugha iliyokuwa ya mtihani ikawa imeshuhudia mapenzi yao ya kwanza, na hapo ikapata makao ambayo wizara ya elimu isingeweza kuijengea.

Kwa watu wazima na wageni kuna vyuo vyao. Kinachojulikana zaidi ni Oideas Gael, kilichoanzishwa mwaka 1984 huko Gleann Cholm Cille, bonde la Donegal lililokabiliana na Atlantiki. Hapo unaweza kusoma lugha kwa wiki moja kuanzia ngazi ya kutojua chochote, au kusoma ufumaji, kupanda vilima, au ngoma ya bodhrán. Chuo Kikuu cha Galway nacho kina kituo chake An Cheathrú Rua, Conamara, ambako wanafunzi wa ng'ambo huishi na familia za kijijini.

Jambo la kuvutia katika madarasa hayo ni nani anakaa na nani. Mjapani au Mjerumani aliyeanza lugha mwaka jana anakaa kando ya karani wa Dublin aliyefundishwa Kiayalandi kwa miaka 13, kwa kuwa ni somo la lazima tangu darasa la kwanza hadi mtihani wa mwisho wa sekondari. Mgeni hubwabwaja bila haya. Karani anaona aibu, anameza maneno, anaomba radhi kabla hajakosea. Yeye analo deni la nafsi, mgeni hana. Walimu wa kozi hizi wanajua kwamba nusu ya kazi yao ni kumfungua kinywa mwenyeji, na mara nyingine mgeni ndiye ufunguo, maana hakuna kinachomchoma Mwayalandi kama kumsikia Mjerumani akimpita kwa lugha ya babu yake.

Visiwani Aran desturi hii ya mgeni kujifunza kwa wenyeji ina umri mkubwa. John Millington Synge alikwenda Inis Meáin mwaka 1898, akarudi tena na tena kwa miaka kadhaa, akilala kwenye nyumba moja ya kijijini na kujifunza lugha kwa wenyeji. Alikuwa mtoto wa ukoo wa Kiprotestanti wa Dublin, mhitimu wa chuo cha Trinity. Aliyoyasikia visiwani akayageuza kuwa tamthilia za ukumbi wa Abbey Theatre, na mwaka 1907 watazamaji wa Dublin walifanya fujo ukumbini kwa kudai mchezo wake, The Playboy of the Western World, unawatukana Waayalandi. Kozi fupi, kumbe, ina hatari zake.

Muziki una njia yake, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora kwa asiyetaka kupambana na lugha. Willie Clancy alikuwa seremala wa Miltown Malbay, jimbo la Clare, na bingwa wa uilleann pipes, zumari la mfuko ambalo upepo wake hutoka kwenye mvukuto unaobanwa na kiwiko, si kinywani kama la Waskoti. Alifariki Januari 1973. Kiangazi cha mwaka uleule marafiki zake wakaanzisha shule ya wiki moja kwa jina lake, na tangu hapo kila mapema Julai mji ule mdogo hufurika watu wenye visanduku vya fidla mgongoni.

Madarasa ni ya asubuhi, na hufanyika popote penye viti: shuleni, ukumbini, sebuleni kwa mtu. Mwalimu hapigi wimbo mzima. Anapiga kipande, wanafunzi wanakirudisha. Anaongeza kingine, wanaunganisha. Karatasi za nota hazikatazwi kwa sheria lakini hutazamwa kwa jicho la pembeni. Sikio ndilo linalosoma. Mchana na usiku muziki huhamia baa, na hapo ndipo mgeni anapoonja adabu isiyoandikwa. Wapigaji hukaa duara, wametazamana, wamewapa wasikilizaji mgongo. Hawatumbuizi. Wanazungumza, na wewe umeruhusiwa kusikiliza. Huketi kwenye duara bila kukaribishwa, hupigi wimbo usioujua ukitumaini utaudaka njiani, na kama una bodhrán mkononi, ukimkuta mwenzako anapiga, unasubiri zamu. Mpiga ngoma asiyejua ndiye anayeogopwa kuliko mlevi.

Utasikia watu wakisema muziki huu umetoka moja kwa moja kwa mababu. Ukweli ni mtamu zaidi. Mkusanyo wake mkubwa ulichapishwa Chicago mwaka 1903, tungo 1,850, na mkusanyaji alikuwa Francis O'Neill, mhamiaji kutoka Cork ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa polisi wa jiji hilo. Wengi wa waliompa tungo hizo walikuwa wahamiaji wenzake. Miaka ya 1920 Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo aliyehamia New York, alirekodi santuri zilizosafiri kurudi nyumbani, na wapigaji wa vijiji visivyo na uhusiano wowote na Sligo wakaanza kuiga mkono wake. Wimbo unaofundishwa leo Miltown Malbay kama urithi wa kijiji huenda umevuka Atlantiki mara mbili.

Kuna kozi nyingine ya kitaifa ambayo haikuitwa kozi. Kati ya mwaka 1937 na 1939 Tume ya Ngano ya Ayalandi, iliyoundwa mwaka 1935, iliwapa watoto wa shule za msingi kazi ya pekee: badala ya insha ya kawaida, nendeni kwa wazee mkaandike wanayoyajua. Hazina zilizofukiwa, dawa za miti, dalili za mvua, mizimu ya njia panda, kumbukumbu za njaa kuu. Watoto wapatao 50,000 katika shule kama 5,000 walishiriki, na kilichopatikana ni kurasa zipatazo 740,000. Nyaraka hizo zinatunzwa University College Dublin, UCD, na sehemu kubwa iko mtandaoni, mwandiko wa mtoto kama alivyouandika, makosa yake na yote. Darasa la kiangazi lisilowapa wanafunzi angalau asubuhi moja na kurasa hizo limepoteza kitu kisichopatikana kwenye ziara yoyote. Na mwalimu wa Lamu au Ujiji akiziona atajiuliza swali la wazi kuhusu wazee wa mtaani kwake.

Nimetaja kozi ninazozipenda. Zipo nyingi za aina nyingine, hasa zinazouzwa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani: wiki tatu hadi sita, alama zinazohesabika kwenye shahada, hosteli katikati ya Dublin. Ratiba zake zinafanana. Kitabu cha Kells kule Trinity, kilichochorwa na watawa kama miaka 1,200 iliyopita. Kaburi la Newgrange, lenye umri wa miaka kama 5,200, ambamo jua huingia hadi ndani asubuhi za siku fupi kuliko zote za Desemba. Magenge ya Moher, yanayofika meta 214 juu ya bahari. Mchezo wa hurling uwanjani Croke Park, ambako wachezaji hawalipwi mshahara hata mbele ya watazamaji 82,000. Kila kimoja kinastahili safari. Shida ni kwamba vikipangwa mfululizo vinatoa nchi ya kale, ya kijani, yenye nyimbo, isiyo na kesi na mtu yeyote.

Kozi inayojiheshimu hutenga siku kwa mambo mengine. Nyumba za kufua za Magdalene, zilizoendeshwa na watawa, ambamo wanawake walifungiwa na kufanyishwa kazi bila malipo. Ya mwisho ilifungwa mwaka 1996 na serikali ikaomba radhi mwaka 2013. Jamii ya wasafiri wa asili, Travellers, ambao ni Waayalandi kwa karne nyingi lakini walitambuliwa rasmi kuwa kabila mwaka 2017 tu. Vituo vya waomba hifadhi, ambamo Wakongo na Wasomali wamekaa miaka wakisubiri barua. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkazi mmoja kati ya watano alizaliwa nje ya nchi. Mwanafunzi akirudi kwao bila kumsikia hata mmoja wao, amesoma nusu ya nchi, tena nusu iliyo rahisi kupigwa picha.

Anayetaka kwenda kutoka kwetu ajue mapema kwamba Ayalandi haimo katika eneo la Schengen. Viza ya Ufaransa au Ujerumani haimfikishi Dublin, na kwa Mkenya au Mtanzania kozi ya chini ya siku 90 huombewa viza ya muda mfupi. Vijiji vya kozi viko mbali na treni. Basi la Gleann Cholm Cille halisubiri mtu.

Hali ya vijiji vyenyewe si ya kujivunia. Katika sensa hiyohiyo ya mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.8 walisema wanajua Kiayalandi, lakini wanaokitumia kila siku nje ya shule walikuwa kama elfu 72 tu, na kati yao wanaoishi Gaeltacht, yaani maeneo ya lugha yanayotambuliwa na serikali, ni kama elfu 20. Vijana wa huko hawapati viwanja wala nyumba za kupanga. Nyumba nyingi ni za watu wa mjini wanaokuja wiki chache za kiangazi, na wapo wanaozifunga miezi mingine yote. Mapenzi ya likizo yaliyoiokoa lugha yana bei, na anayeilipa ni binti wa kijiji anayekwenda kupanga chumba Galway mjini na kuwalea watoto wake miongoni mwa majirani wa Kiingereza.

Mwaka 2020 na 2021 kozi za vijana zilifutwa kwa sababu ya Uviko. Zilipofunguliwa tena, baadhi ya kina mama waliokuwa wakipokea wanafunzi kwa miaka mingi hawakurudi. Wengine walikwishazeeka, wengine waliona gharama ya chakula na umeme imeishinda ruzuku. Serikali imeipandisha ruzuku, na vyuo vinatafuta nyumba mpya kila mwaka. Walimu wapo, ukumbi upo, na orodha ya waombaji imejaa, lakini idadi ya wanafunzi inaamuliwa na idadi ya vitanda.